Kiangazi hiki twende Rwenzori: siku tatu mlimani kwa mfuko wa mkimbizi

Mwezi uliopita wengi walituuliza kama ni kweli walimu wanapanga kupeleka watu mlimani. Ndiyo, ni kweli. Shule zikifungwa mwishoni mwa mwezi wa nane, tunataka kutoka hapa Rwamwanja na gari moja, watu 14, siku tatu na kulala mara mbili, tukapige kambi chini ya mlima Rwenzori. Safari hii kambi tutaipiga sisi wenyewe kwa kupenda, na siku ya tatu tutaing'oa turudi nyumbani.

Hapa tunaandika mpango wote pamoja na hesabu yake. Kila mzazi asome, apige hesabu mwenyewe, halafu aamue.

MLIMA WENYEWE

Rwenzori uko mpakani mwa Uganda na Kongo. Kilele chake kirefu kinaitwa Margherita, kina mita 5,109. Ni cha tatu Afrika, baada ya Kilimanjaro wenye mita 5,895 na Mlima Kenya wenye mita 5,199. Ukiuangalia kutoka mbali unadhani ni mlima mmoja mrefu kama ukuta. Kumbe ni milima sita mikubwa iliyopangana: Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia. Majina hayo yote yaliletwa na wageni. Margherita alikuwa malkia wa Italia, na kilele kilipewa jina lake na mwanamfalme wa kule, Luigi Amedeo, aliyefika juu mwaka 1906. Bakonzo wa upande huu, na ndugu zao Banande wa upande wa Beni na Butembo, walikuwa na maneno yao zamani sana. Theluji wanaiita nzururu, na Kitasamba kwao ni roho mwenye mlima.

Sisi wengi tulitoka Rutshuru, Masisi na Nyiragongo, tumezoea mlima wa moto. Nyiragongo ulitapika mwaka 2002, ukatapika tena mwezi wa tano 2021. Watoto lazima watauliza kama Rwenzori nao utatapika. Waambieni hapana. Rwenzori ni mwamba wa zamani uliosukumwa juu wakati ardhi ya Bonde la Ufa ilipokuwa inapasuka. Ndani yake hamna moto, na juu yake kuna barafu, ingawa tuko karibu kabisa na ikweta.

Barafu hiyo inakwisha. Mwaka 1906 ilifunika kama kilomita za mraba 6 na nusu. Mwaka 2003 wapimaji walikuta imebaki chini ya kilomita ya mraba 1, na tangu hapo imezidi kuyeyuka. Mtoto mwenye miaka kumi leo bado anaweza kuiona kwa macho yake. Wajukuu wake huenda wakaisikia tu kwenye hadithi.

Kuna na habari ya maji, ambayo sisi walimu tunaipenda kuliko zote. Mto Mubuku unashuka kutoka kwenye barafu hiyo, unapita chini ya kijiji tutakacholala, unaingia ziwa George. Kutoka hapo maji yanapita mfereji wa Kazinga mpaka ziwa Edward, lile la Vitshumbi, ambalo wazee wengi hapa walikula samaki wake. Pale Ishango, upande wa Kongo, yanatoka tena yakiitwa Semuliki, yanazunguka mlima kwa nyuma yake, yanarudi mpakani na Uganda, yanaingia ziwa Albert, halafu Nile. Yaani maji ya mlima huu yanaingia Kongo na kutoka, yanauzunguka mlima mzima, na hakuna anayeyauliza karatasi.

NJIA

Mwezi wa kwanza walimu watatu tulitangulia kuangalia njia. Tulipanda taksi za kawaida, tukaandika kila bei na kila kituo. Kwa hiyo tunayosema hapa tumeyaona.

Kutoka Rwamwanja mpaka Kamwenge ni vumbi. Funika mizigo, funga na kitambaa puani. Kamwenge unapata lami, na lami hiyo inakwenda mpaka Fort Portal, kilomita kama 66. Katikati njia inapita Bigodi na kuingia msitu wa Kibale. Hapo jua linapotea, miti inafunika barabara, hewa inakuwa baridi ghafla. Nyani wanakaa kando ya barabara wakingojea watu wajinga wawatupie ndizi. Tusiwatupie. Ndani ya msitu huo kuna sokwe, lakini kwenda kuwaangalia ni pesa nyingi. Sisi tutapita tu.

Fort Portal, mji wa Tooro uliofanywa jiji mwaka 2020, tutasimama saa moja. Watu wajisaidie, wanunue nyanya, vitunguu na kabeji sokoni. Pembeni ya mji kuna mashamba ya majani ya chai, mabichi, yamekatwa sawasawa kama nywele za mwanafunzi siku ya kwanza ya shule.

Kutoka Fort Portal tunashuka barabara ya Kasese. Shauri letu: watoto wakae upande wa kulia wa gari. Mlima wote uko kulia. Mwanzoni ni vilima vya mashamba, halafu vilima vinapanda juu ya vilima vingine, na nyuma yake kuna weusi mrefu ambao hujui kama ni mlima au ni mawingu ya mvua. Tunapita Rwimi, tunapita Hima penye kiwanda cha simenti, na kama kilomita kumi hivi kabla ya kufika mji wa Kasese tunakata kulia, tunapanda njia ya udongo mpaka Nyakalengija. Ni kilomita kama 180 kutoka hapa. Tukiondoka saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana tumefika na bado kuna mwanga wa kutosha kujenga mahema.

TUTAKAA WAPI, TUTAFANYA NINI

Nyakalengija iko kwenye mita kama 1,600, chini kabisa ya hifadhi ya taifa ya Rwenzori, iliyotangazwa mwaka 1991 na kuingizwa mwaka 1994 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Wapandaji wanaanzia hapo. Kuzunguka njia yao ya kati ni siku kama saba, na lazima kuwa na kiongozi, wapagazi, nguo za barafu na dola. Hiyo tuwaachie. Sisi tutabaki nje ya mpaka wa hifadhi, kwenye vilima vya kijiji, ambako ndiko watu wanaishi, na hapo kuna mengi ya kuona.

Kuna kahawa ile ya milimani, inayopandwa pamoja na migomba kwenye miteremko mikali mpaka unajiuliza mkulima anasimamaje. Kuna mama wanaoanika kahawa kwenye mikeka. Kuna kinyonga mwenye pembe tatu usoni, ambaye mtoto akimwona mara moja hatamsahau. Tutalipa kijana mmoja wa kijiji atuongoze nusu siku, kwa sababu yeye anajua njia ya kupita bila kukanyaga shamba la mtu. Wale kati yetu wanaosema Kinande watafurahi: Kikonzo na Kinande ni lugha moja. Tulipoaga na kusema "wasingya", mwenyeji wetu alicheka, akatuuliza sisi ni watoto wa nani.

Kuona theluji hatuwezi kumwahidi mtu. Mlima huu unapenda kujifunika. Karne ya 19 wazungu kadhaa walipita karibu bila kuiona theluji, mpaka Stanley alipoiona mwaka 1888. Sisi asubuhi ya kwanza tuliamka tukakuta mawingu mpaka kwenye migomba. Asubuhi ya pili, kabla ya saa moja, anga ilifunguka, na kutoka kilima cha juu ya kijiji tukaona mbali nyuma ya milima myeusi kitu cheupe kidogo chenye kung'aa. Tulikaa kimya. Baada ya nusu saa mawingu yakafunga tena. Kwa hiyo kila asubuhi tutaamsha watoto saa kumi na moja na nusu. Anayetaka kulala atalala nyumbani akirudi.

HESABU

Hii ni hesabu ya watu 14, kwa shilingi za Uganda, kufuatana na bei tulizoulizia mwezi wa kwanza:

Gari na mafuta, siku tatu: 420,000
Uwanja wa kulala kwa mwenyeji, pamoja na choo na maji, siku mbili: 70,000
Kijana wa kutuongoza: 60,000
Mafuta ya kupika, chumvi, sukari, chai, mboga na ndizi: 75,000
Makala na kuni: 25,000
Akiba ya dharura: 50,000
Jumla: 700,000

Gawanya kwa 14, kila kiti ni 50,000. Akiba ya dharura isipotumika, tutairudisha kwa wote sawasawa, mbele ya macho ya wote.

Tukianza mwezi wa tatu mpaka wa saba ni miezi mitano, yaani 10,000 kila mwezi kwa kiti kimoja. Tunajua 10,000 ni siku ngapi za kulima kwa watu. Ndiyo maana tumeanza mapema, na ndiyo maana malipo ya mwisho tumeyaweka mwezi wa saba, mahindi yanapovunwa.

Chakula kikubwa hatununui, tunabeba. Kila mtu alete unga kilo moja na robo na maharage nusu kilo. Hiyo inatupa unga kilo 17 na nusu na maharage kilo 7, inatosha kwa siku tatu pamoja na uji wa asubuhi. Maharage ya jioni ya kwanza yalowekwe usiku kabla ya safari, yasafiri ndani ya ndoo yenye mfuniko. Yakifika yameshalainika, makala kidogo tu inatosha. Mwenye sambaza kavu alete, tutamshukuru.

Wengine wameshauri tupakie watu 20 ili bei ishuke. Hapana. Gari ni la watu 14. Tukizidisha, polisi watatusimamisha njiani, na faini itakula faida yote. Tena breki za gari lililojazwa kupita kiasi kwenye mteremko hazina huruma.

VITU VYA KUBEBA

Mahema ya dukani ni ghali, lakini nani hapa hajui kujenga na shitingi? Shitingi moja ya mita 4 kwa 5, kamba nzuri na miti miwili, watu watano wanalala. Tunahitaji shitingi sita: tatu za kufunika na tatu za kutandika chini. Hema la kwanza ni la mama na wasichana, la pili la wanaume na wavulana, la tatu la wenye watoto wadogo pamoja na chakula. Tafadhali mtu asivue shitingi ya paa la nyumba yake. Walio na za akiba watuazime.

Kila mtu abebe blanketi, sweta, soksi na kofia. Waliokulia Masisi wanajua baridi hiyo. Watoto waliozaliwa hapa hawaijui. Mwezi wa nane ni kiangazi, lakini mwisho wake mvua zinaanza kurudi, na Rwenzori hunyesha hata kiangazi. Kwa hiyo nguo za kubadilisha ziwekwe ndani ya mfuko wa plastiki. Kila familia ilete chandarua, jerikani moja, sahani na vikombe vyake. Sisi walimu tutaleta sufuria mbili kubwa, taa za sola, vidonge vya kusafisha maji, bandeji, na pakiti za ORS kwa atakayeharisha. Maji ya kunywa yatachemshwa, hata yakionekana meupe namna gani.

Kuni tutanunua, hatutakata mti wa mtu. Takataka zetu tutarudi nazo.

USALAMA NA KARATASI

Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kutembea ndani ya nchi. Tushukuru, maana ndugu zetu walio Nyarugusu, Tanzania, hawatoki kambini bila kibali. Lakini ruhusa haitoshi bila utaratibu. Kila mtu mzima abebe kitambulisho chake cha ukimbizi, na familia ibebe karatasi yenye majina ya watoto. Ofisi ya kambi tutaipa orodha ya majina, namba ya gari na siku ya kurudi. Tukifika kijijini tutajulisha mwenyekiti wa LC1 siku ile ile. Mtoto anayesafiri bila mzazi wake awe na barua iliyosainiwa.

Upande wa mpaka hatutakwenda. Mwezi wa sita 2023, kule Mpondwe, shule moja ya sekondari ilishambuliwa na wanafunzi wengi wakauawa. Wazazi wana haki ya kuogopa, nasi hatuchezi na jambo hilo. Nyakalengija iko upande wa mashariki, na milima yote mirefu iko kati yake na Kongo. Hata hivyo wiki moja kabla ya safari tutauliza tena viongozi wa hapa na wa kule. Wakisema ngojeni, tutangoja, na pesa ya kila mtu itakuwa salama.

Jambo la mwisho ni mto. Mito ya Kasese ilifurika vibaya mwaka 2013, na tena mwaka 2020. Mvua ikinyesha juu mlimani, mto unaweza kujaa hata kama kwenu jua linawaka. Mahema yatakuwa juu, mbali na ukingo, na hakuna mtoto atakayekwenda mtoni bila mtu mzima.

SWALI LA MAMA MMOJA

Tulipotangaza wazo hili mara ya kwanza baada ya ibada, mama mmoja alisimama akasema: "Mwalimu, hata unga haufiki mwisho wa mwezi, na nyinyi munataka tutembee?" Watu walicheka, lakini yeye hakuwa anacheka. Swali lake ni la kweli. Tangu 2023 mgao unagawanywa kwa makundi, na wengi hapa wamepunguziwa au wameondolewa kabisa.

Kwanza tunasema hivi: mtu asiuze mgao wala asikope kwa ajili ya safari hii. Anayelala njaa ashughulikie njaa kwanza. Kwa ajili hiyo viti viwili ni vya watoto ambao familia zao hazina uwezo kabisa. Vimeshalipiwa: walimu tulifyatua matofali mwezi wa pili, tukapata 100,000. Walimu watatu tunalipia viti vyetu wenyewe. Vinabaki viti tisa.

Pili, tumwambie mama huyo tulichokiona darasani. Tuliwaambia watoto wa darasa la tano waandike mistari mitano juu ya mlima. Karibu wote waliandika mambo yanayofanana: mlima ni mahali watu wanakimbilia, mlima ni mahali askari wanashukia. Mmoja aliandika kwamba mlimani hakuna watoto. Sasa watoto hao wengi wamezaliwa hapa hapa. Vita vya mwaka 2012 hawakuviona. Mlima walioandika ni ule waliousikia usiku wazazi wakiongea, wakidhani watoto wamelala.

Hatuwalaumu wazazi. Yaliyotokea yalitokea, na lazima yasemwe. Lakini mtoto akijua mlima kwa njia hiyo tu, tumemrithisha kukimbia bila kumrithisha nchi. Hatajua kwamba babu yake alilima mlimani, alichunga ng'ombe mlimani, alioa mlimani. Tunataka aamke asubuhi moja mahali penye baridi kama kwao, aone moshi unatoka kwenye nyumba za mlimani na watoto wa mlimani wanakwenda kuteka maji, anywe uji hapo, asiogope. Hilo haliletwi na kitabu, tumejaribu.

Papa mmoja mzee alituambia yeye hataki kwenda, kwa sababu akiuona mlima ule atafikiria nyumbani na hatalala. Tunamheshimu. Alitupa lakini mjukuu wake, na jerikani mpya.

ANAYETAKA KUJIANDIKISHA

Mkutano utakuwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tatu, saa nane mchana, shuleni, darasa la tano. Njoo na swali lako, hata kama huna pesa siku hiyo. Tutachagua watu watatu wa kushika pesa: mama mmoja, papa mmoja na kijana mmoja, ambao hawatakuwa walimu. Kila mchango utaandikwa kwenye daftari mbili, moja itakaa kwa mama huyo. Viti vikigombaniwa tutapiga kura, na watakaokosa watakuwa wa kwanza likizo ya mwezi wa kwanza, ambapo pia ni kiangazi.

Anayejitoa kabla ya mwisho wa mwezi wa saba atarudishiwa pesa yake yote. Baada ya hapo atafute mtu wa kukaa kwenye kiti chake, maana dereva atakuwa ameshalipwa nusu.

Mungu akitujalia uzima, tutaonana Jumamosi. Mwenye kamba ndefu asisahau kuja nayo.